Kusaka Hazina kwa Mafumbo ya Viti Mashuhuri: Ukumbini, Mjini kwa Simu, au Karakanani?

Likizo kubwa inapokaribia, wasimamizi wa vikundi vya vijana hapa Lubumbashi, wawe wa parokia, wa shule au wa vituo vya kufundishia ufundi, huanza kutafuta mchezo wa nusu siku ambao watoto wakubwa hawatauona kuwa wa kitoto. Kusaka hazina kwa mafumbo kunafaa sana, na mafumbo hayo yakijengwa juu ya samani mashuhuri za kisasa, hasa viti, mchezo unapata jambo ambalo michezo mingi ya aina hii inalikosa, yaani kitu chenyewe cha kuchunguza. Makundi ya watu wanne au watano hupewa fumbo la kwanza; jibu lake huwapeleka kwenye kituo cha pili, kituo hicho huwapa tarakimu au kipande cha picha, na safari huendelea hivyo mpaka kufuli la sanduku la mwisho lifunguke.

Mchezo huu unaweza kuandaliwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya karatasi, ndani ya ukumbi mmoja. Ya pili ni ya simu, kwa kutembea katikati ya mji. Ya tatu ni ya karakanani, kwa fundi mbao, ambapo kila kituo kina kitu cha kushika. Zote tatu zinaweza kutumia viti vilevile, lakini hazimfundishi mshiriki jambo lilelile, wala hazimdai mwandalizi kazi ileile. Kipimo ninachokitanguliza katika ulinganisho huu ni kimoja: mchezo ukiisha, je, kijana ameelewa kiti kimeungwaje na kwa nini kikaungwa hivyo, au ameondoka na orodha ya majina ya kigeni atakayoisahau kesho? Gharama, usalama na muda ni mambo ya lazima, na nitayapima pia, ila yanakuja baada ya hilo.

Njia ya ukumbini ndiyo nyepesi kuandaa. Inahitaji karatasi, bahasha, makufuli mawili matatu ya tarakimu, na ukumbi wenye meza na pembe za kutosha kuficha vitu. Nguvu yake iko katika mafumbo ya herufi na namba, na hapo historia ya samani imetuachia fumbo ambalo sijaona la kulishinda. Eileen Gray, mbunifu mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Ufaransa, alijenga kati ya 1926 na 1929 nyumba ya kando ya bahari huko Roquebrune-Cap-Martin, akaiita E 1027. Meza ndogo ya mviringo aliyoibuni kwa ajili ya nyumba hiyo, ya bomba la chuma na kioo, inayopandishwa na kushushwa, ikabeba jina hilohilo. E ni herufi ya kwanza ya Eileen. 10 ni J, herufi ya kumi, yaani Jean. 2 ni B, yaani Badovici, msanifu majengo aliyekuwa mwenzake. Na 7 ni G, yaani Gray. Herufi zake mwenyewe zimezikumbatia za mwenzake pande zote mbili.

Fumbo hilo likitolewa vizuri, linaweza kulishughulisha kundi kwa muda mrefu. Wapewe picha ya meza, jina E 1027, na swali moja tu: ni watu wangapi wamejificha humu? Wasipewe alfabeti. Kwanza watadhani ni namba ya chumba au ya gari, kisha mmoja wao ataanza kuhesabu herufi kwa vidole, na wenzake watamwelewa kabla hajamaliza. Hapo hapo wapewe ujumbe wa pili ulioandikwa kwa ufunguo uleule, kwa mfano 11-9-20-9, ambao ni KITI, na bahasha inayofuata iwe imebandikwa chini ya kiti kimoja kati ya vyote vya ukumbini. Mwandalizi aamue mapema kwamba hesabu inafuata alfabeti ya Kifaransa yenye herufi 26, ile ambayo wanafunzi wetu huiimba darasani, kwa kuwa atakayehesabu kwa herufi za Kiswahili bila Q hatapata T katika nafasi ya ishirini, na kundi zima litapotea bila kosa lolote.

Kiti namba 14 cha Michael Thonet, kilichotoka Vienna mwaka 1859, nacho kinakaa vizuri kwenye karatasi. Kina vipande sita vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa viliweza kuingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Mchoro wa vipande vyote vikiwa vimetawanyika, pamoja na agizo la kuhesabu kila aina kuanzia mbao mpaka nati, unatoa 6, 10 na 2, na kufuli la 6102 linafunguka. Kipo pia kiti cha Hans Wegner cha mwaka 1949, ambacho Kennedy na Nixon walikalia walipofanya mdahalo wao wa televisheni wakigombea urais wa Marekani. Mtoto wa mtaa wetu wa Katuba hana sababu ya kuujua mwaka wa mdahalo huo, lakini akiongezewa mstari mmoja unaosema kwamba ulifanyika mwaka uleule ambao Kongo ilipandisha bendera yake yenyewe, ataandika 1960 bila kusita. Fumbo zuri kwa vijana wetu ndivyo linavyotakiwa kuwa: mlango wa kuingilia uwe kitu wanachokijua, na nyuma yake wakute wasichokijua.

Udhaifu wa ukumbi ni kwamba kila kitu ni bapa. Fotokopi ya rangi moja inakiua kabisa kiti cha Gerrit Rietveld, ambacho maana yake yote iko katika egemeo jekundu, kikalio cha buluu, fito nyeusi na ncha zake za njano. Afadhali kukiacha kuliko kukionyesha kikiwa kijivu. Makundi pia husikilizana. Dawa yake ni kulipatia kila kundi mpangilio wake wa vituo, ili jibu lililosikika kwa jirani lisiwe na faida wakati huo.

Njia ya simu inavutia zaidi machoni pa vijana wenyewe, na katikati ya mji wetu kuna sababu ya kweli ya kuichagua. Barabara zimenyooka na kukatana kwa pembe, hivyo ni vigumu kupotea, na majengo mengi ni ya umri mmoja na samani tunazozizungumzia. Jengo la tamthilia lililobuniwa na Claude Strebelle ni la mwaka 1956, na kiti cha kupumzikia cha Charles na Ray Eames, cha mbao iliyopindwa na ngozi, kilitolewa mwaka huohuo. Kundi linaloulizwa ni kitu gani kilichozaliwa pamoja na jengo lililo mbele yake linaanza kuona kwamba mji wake si wa pembeni katika historia hii.

Simu pia inaonyesha picha za karibu sana, na hilo ni jambo ambalo karatasi haiwezi. Picha ya kwanza inaweza kuwa gango la kufungia mguu uliovunjika, lile la tripleksi (mbao za tabaka nyembamba zilizogandishwa) iliyopindwa ambalo Charles na Ray Eames walilitengenezea jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili; picha ya pili ni mkunjo wa kikalio cha kiti chao cha miaka ya 1945 na 1946, kikionekana kipande tu; na swali ni kueleza uhusiano wa vitu hivyo viwili. Anayejibu kwamba mbao ileile imejifunza kufuata umbo la mwili kwenye mguu kabla ya kulifuata kwenye makalio amelielewa jambo kuliko anayetaja jina la mbunifu.

Lakini hapo ndipo penye tatizo kubwa la njia hii. Simu yenye intaneti inaitambua picha ya kiti mashuhuri mara moja, na kundi lenye mega za kutosha linamaliza mchezo bila kufikiri, huku kundi lenye simu kuukuu likibaki nyuma kwa sababu isiyohusu akili. Maswali yanaweza kuandikwa ili yasijibiwe na mtandao, kwa kudai hatua zilizopigwa, madirisha yaliyohesabiwa au michoro iliyofanywa kwa mkono, ila kadiri unavyofanya hivyo ndivyo simu inavyopoteza sababu ya kuwepo. Usalama nao si jambo dogo. Vijana wanaotembea wakitazama kioo cha simu wako hatarini barabarani na kwa wanyang'anyi, na kupiga picha mbele ya majengo ya serikali kunaweza kuwaletea maswali ya polisi. Jengo la tamthilia lenyewe limekuwa likitumiwa na bunge la jimbo, kwa hiyo halifai kubandikwa karatasi wala kuzungukwa na watoto wenye kamera. Anayechagua njia hii aombe ruhusa kwa maandishi mapema, aweke mtu mzima katika kila kundi, na asishuke chini ya umri wa miaka kumi na sita.

Karakana ndiyo njia ninayoiunga mkono, na nitakaa juu yake zaidi. Katika mitaa kama Kenya na Katuba, fundi mbao hufanyia kazi nje, kando ya barabara, kila mtu akiona. Fundi mmoja mwenye uwanja wa kutosha anaweza kupokea makundi matatu kwa zamu, mradi aombwe kama anavyostahili: "Baba fundi, tunakuomba nusu siku yako na meza yako moja, siku hiyo tutailipa kama kazi nyingine." Kumwomba afanye bure kwa sababu ni watoto wa parokia si haki, kwani asubuhi hiyo hatapokea mteja.

Kituo cha kwanza cha karakanani kinaweza kutumia ujuzi ambao wavulana wengi wa hapa wanao kabla hata ya kuingia shule, yaani kupinda waya wa kutengenezea magari ya kuchezea. Wapewe waya mmoja mrefu na picha ya kiti kisicho na miguu ya nyuma, kisha waambiwe wakitengeneze bila kukata waya. Kiti cha aina hiyo kilibuniwa na Mart Stam, Mholanzi, mwaka 1926, kwa mabomba ya gesi yaliyounganishwa. Waya unaanza kwenye egemeo, unashuka, unakuwa kikalio, unateremka mbele, unalala sakafuni, unageuka na kurudi njia ileile upande wa pili. Mtoto akikiwekea jiwe dogo juu, kinainama kidogo halafu kinainuka. Hapo anagundua kwa mkono wake kile ambacho maelezo marefu hayampi: chuma kinabeba uzito kwa kunepa, na kiti kinakuwa na raha bila springi. Baiskeli ya muuza makala ikipita barabarani wakati huo, msimamizi asikose kuionyesha, kwa sababu Marcel Breuer, aliyebuni kiti chake cha mabomba ya chuma huko Dessau, Ujerumani, mwaka 1925, alilipata wazo lake kwa kuutazama usukani wa baiskeli.

Kituo cha pili ni cha mguu wa kigoda cha Alvar Aalto, cha mwaka 1933. Mguu huo ni mti wa betula ulionyooka, ukapindwa juu kuwa kama herufi L. Mbao ngumu haikubali kupindwa hivyo, kwa hiyo ncha yake hupasuliwa kwa msumeno kufuata nyuzi za mti, mipasuo mingi inayokaribiana, kisha ndani ya kila mpasuo hupenyezwa ubao mwembamba wenye gundi, na hapo ncha hupindwa na kuachwa ikauke. Fundi akate ncha moja mbele yao na aiache bila gundi. Waulizwe: kwa nini sasa inapinda ilhali kabla ya kupasuliwa haikupinda, na ni nini kitaizuia kunyooka tena? Jibu la swali la pili ni gundi pamoja na vibao vilivyoongezwa, na kundi linalolipata linapewa chupa ya gundi ambayo chini yake imeandikwa tarakimu ya kufuli.

Kituo cha tatu ni cha mizani. Gio Ponti alitoa mwaka 1957 kiti cha mbao kinachoitwa Superleggera, chenye uzito wa kilo 1.7, na matangazo yake yalimwonyesha mtoto akikiinua kwa kidole kimoja. Kiti cha kawaida cha karakanani kipimwe mbele ya wote, kisha kundi liulizwe lingepunguza wapi bila kukivunja. Majibu huwa mengi na mabishano huwa makali, na fundi ndiye hakimu. Sijui kituo kingine kinachowafanya vijana wamsikilize fundi kwa makini kiasi hicho.

Kisha inakuja kazi ya kitendawili, na hapa karakana inashinda kwa sababu vitu vyenyewe vipo. "Tuko watatu, hakuna aliyetuunga. Mmoja alichongwa, wawili walimiminwa." Wa kwanza ni kigoda cha wakubwa wa Waluba, kile ambacho mwanamke aliyechongwa hukibeba kikalio kichwani, kwani chote, mwanamke na kikalio na kitako, hutoka katika gogo moja. Wa pili ni kiti cha plastiki cha Verner Panton, Mdenishi, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1967, ambacho chote ni mkunjo mmoja kutoka egemeo mpaka chini. Wa tatu ni kile cheupe cha plastiki kilicho katika kila baa na kila matanga ya mji huu, ambacho ndugu yake wa awali ni kiti cha Mfaransa Henry Massonnet cha mwaka 1972. Wako watakaosema kwamba kigoda cha Waluba si cha kisasa na hakistahili kuwemo. Kwa tarehe wana haki. Lakini swali la kukaa juu ya kitu kisicho na kiungo liliulizwa na wachongaji wa Katanga mapema kabla ya Panton, na kijana wa Lubumbashi ana haki ya kulijua hilo siku anapojifunza kuhusu Panton.

Udhaifu wa karakana uko wazi pia. Maandalizi ni ya wiki kadhaa, kwa kuwa vitu vinatengenezwa na si kuchapishwa. Misumeno na patasi ziko karibu, kwa hiyo mashine zote zizimwe na zana kali zifungiwe isipokuwa zile anazozishika fundi mwenyewe. Makundi hayawezi kuwa mengi. Zaidi ya vijana ishirini ni vurugu. Na mvua ikianza, mchezo wa uwanjani umekwisha. Kwa sababu hiyo, Julai na Agosti, wakati wa kiangazi na baridi ya asubuhi, ndio muda wake, na Novemba hadi Machi ni muda wa ukumbi.

Kwa upande wa fedha, ukumbi ndio wenye gharama ndogo zaidi, na karatasi zake zinaweza kutumika tena. Simu inaonekana kuwa ya bure kwa sababu simu zipo tayari, lakini mega, chaji na watu wazima wa kusindikiza makundi huongezeka mpaka mwandalizi anashangaa. Karakana inadai malipo ya fundi, waya, gundi na mbao, ila mwishoni vitu hubaki na vingine vina kazi. Kwa upande wa usawa, karakana na ukumbi ziko juu ya simu, maana hakuna anayeingia na kifaa bora kuliko mwenzake. Wasichana na wavulana wachanganywe katika kila kundi; kazi ya waya isiachiwe wavulana peke yao, na ukumbini lisikosekane fumbo la Charlotte Perriand, aliyekibuni mwaka 1928 kiti kirefu cha kulalia pamoja na Le Corbusier na Pierre Jeanneret, huku watu wengi wakilitaja jina moja tu kati ya hayo matatu. Wapeni picha na majina mawili ya wanaume, waulizeni nani anakosekana.

Basi mwenye watoto arobaini, msimu wa mvua na bajeti ya bahasha tu, achague ukumbi bila wasiwasi, na aweke nguvu zake katika E 1027 na kiti cha Thonet. Mwenye wanafunzi wa chuo kikuu, wachache na watu wazima, hasa wanaosoma usanifu majengo au sanaa, anaweza kuchagua mji na simu, mradi maswali yake yadai macho na miguu kuliko mtandao. Mwenye vijana kati ya kumi na wawili na ishirini, wa umri wa miaka kumi na miwili kwenda juu, na fundi anayemfahamu, achague karakana. Akiweza, aanze na fumbo moja la karatasi nyumbani kwa parokia, ili jibu lake liwe ramani ya kwenda kwa fundi. Mchanganyiko huo unampa herufi za Gray na msumeno wa Aalto katika asubuhi moja.

Limebaki suala la hazina yenyewe, ambalo waandalizi wengi huliacha mpaka dakika ya mwisho na kununua pipi. Mwaka 1974 Enzo Mari, Mwitaliano, alitoa michoro ya samani zinazotengenezwa kwa mbao za kawaida, nyundo na misumari tu, akawatumia bure wote waliolipia posta, kwa kuwa aliamini kwamba anayekitengeneza kiti chake mwenyewe anajifunza kukipima cha wengine. Sanduku la mwisho liwe na mbao zilizokwisha kukatwa kwa kipimo, misumari, na mchoro mmoja wa kigoda uliochorwa na fundi. Kila kundi likipigilie pale pale uwanjani, fundi akisimamia, na liende nacho. Mbao zikatwe siku mbili kabla, wala si asubuhi ya mchezo, kwa sababu umeme ukikatika saa mbili asubuhi hakuna atakayezikata kwa mkono kwa ajili ya makundi matatu.